"Inayeyuka Katika Maji": Maana ya Maneno Hayo kwenye Sabuni na Dawa za Shamba

Simama asubuhi kwenye kivuko chochote cha mfereji kule Mwea nawe utaona kazi tatu zikifanywa katika maji yale yale. Upande wa juu mkulima anasuuza bomba la kunyunyizia dawa baada ya kutoka shambani. Hatua chache chini yake akina mama wanafua nguo, na vijana wa bodaboda wanaosha pikipiki. Mbele zaidi kuna mtoto amepiga magoti akijaza mtungi wa lita 20 wa kupeleka nyumbani. Ukimwuliza yule wa juu kama haoni shida, jibu halikawii: "Hii inayeyuka kwa maji, inaisha." Pengine atakuonyesha chupa yenyewe, imeandikwa kwamba bidhaa hiyo huyeyuka kabisa katika maji.

Maandishi hayo si ya uongo. Mtengenezaji ameyapata maabarani, kwa kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi. Lakini kipimo hicho hakikuwekwa ili kumwambia mtu kwamba kemikali imetoweka. Kiliwekwa ili wachunguzi wa usalama wajue maji yanaweza kubeba kemikali kiasi gani, na kwa hivyo ni kiasi gani kinaweza kumfikia samaki, ng'ombe au mtu aliye upande wa chini. Tena kwa sabuni na jamaa zake, kipimo chenyewe kina utata unaowaumiza vichwa hata wataalamu wa maabara. Makala haya yanaeleza jinsi kinavyofanywa na kile ambacho nambari zake zinatuambia kuhusu maji ya mifereji na mito yetu.

Kichwa na mkia

Sabuni ya unga, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, shampuu, dawa ya kuoshea magari, na ile gundi ya dawa ambayo wauzaji wa agrovet huiita stika: zote zina kemikali za ukoo mmoja. Wataalamu huziita safaktanti. Hapa tutaziita kemikali za povu, ingawa baadhi yake hutoa povu kidogo sana.

Chembe moja ya kemikali hii, yaani molekuli yake, ina sehemu mbili zisizopatana. Kichwa chake kinapenda maji. Mkia wake ni wa mafuta, nao unayakimbia maji. Ukitia kidogo kwenye karai, molekuli hupanda juu na kujipanga kwenye uso wa maji, vichwa vikiwa ndani na mikia ikiwa hewani. Uso wa maji, ambao kwa kawaida umejikaza kama ngozi ya ngoma, hulegea. Ndiyo sababu maji yenye sabuni huingia haraka kwenye kitambaa, na dawa yenye stika hutandaa juu ya jani badala ya kuteleza kwa matone. Ndiyo sababu pia wale wadudu wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji huzama pakimwagwa sabuni.

Ukizidi kuongeza, uso wa maji hujaa. Molekuli zinazobaki ndani hazina pa kuficha mikia yao, basi hukusanyika makumi kwa makumi na kuwa vifundo vidogo mno, mikia ndani na vichwa nje. Kifundo kama hicho huitwa miseli. Ni ndani ya miseli ambamo mafuta ya sufuria na jasho la kola hufungwa na kuchukuliwa na maji. Kila kemikali ya povu ina kiwango chake maalumu ambapo miseli huanza kutokea. Tukikumbuke kiwango hicho, kwa kuwa kipimo chote kinakizunguka.

Sukari ni rahisi

Kupima jinsi kitu cha kawaida kinavyoyeyuka ni kazi ambayo mtu yeyote anayekunywa chai anaielewa. Tia sukari, koroga. Tia tena, koroga. Kuna mahali utafika ambapo sukari haiyeyuki tena, inakaa chini ya kikombe. Maji yameshiba. Kiasi kilichoyeyuka hadi hapo, kwa lita moja ya maji na kwa joto fulani, ndicho wataalamu wanachokiita umumunyifu.

Maabara hufuata wazo hilohilo kwa uangalifu zaidi. Mwongozo unaotumiwa na wengi ni ule wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, nambari 105, ambao toleo lake la sasa ni la mwaka 1995. Kenya si mwanachama wa shirika hilo, lakini bidhaa nyingi zinazoingia madukani mwetu zina kemikali zilizopimwa kwa mwongozo huo.

Kwanza hufanywa jaribio la kukadiria. Gramu 0.1 ya kemikali hutiwa kwenye silinda ndogo ya kioo yenye kifuniko, kisha maji yaliyosafishwa huongezwa kidogo kidogo: sehemu ya kumi ya mililita, nusu mililita, moja, mbili, kumi, hadi mia. Kila baada ya kuongeza, silinda hutikiswa kwa dakika 10 na mtu huangalia kwa macho kama kuna chochote ambacho hakijayeyuka. Ikiyeyuka mapema, umumunyifu ni mkubwa. Ikikataa hata kwenye mililita mia, ni chini ya gramu moja kwa lita.

Baada ya hapo huja kipimo chenyewe. Kemikali hutiwa kwenye chupa tatu, kiasi cha mara tano hivi ya kile kinachodhaniwa kutosha kuyashibisha maji. Chupa hutikiswa katika joto la nyuzi 30, kisha huachwa zitulie katika nyuzi 20 kwa saa 24. Chupa ya kwanza hupimwa baada ya siku moja, ya pili baada ya siku mbili, ya tatu baada ya siku tatu. Kama matokeo ya chupa mbili za mwisho hayatofautiani kwa zaidi ya asilimia 15, yanakubaliwa. Kama yanazidi kupanda kila siku, jaribio hurudiwa kwa muda mrefu zaidi.

Kwa chumvi, kwa mbolea na kwa kemikali nyingine nyingi, mambo huishia hapo.

Sabuni inamkoroga mpimaji

Sasa tia kemikali ya povu kwenye chupa zile. Ukizitikisa, nusu ya chupa inajaa povu, na povu hilo limebeba kemikali nyingi kuliko maji yaliyo chini yake, kwa maana molekuli hizi hupenda kukaa mahali maji yanapokutana na hewa. Ukichota maji ya chini utapata jibu dogo mno, na ukichota pamoja na povu utapata kubwa mno. Nyingine hunata kwenye kioo cha chupa. Kwa hivyo mpimaji mwangalifu hakorogi kwa fujo. Hukoroga polepole, kwa muda mrefu, na kuchota katikati.

Shida ya pili wataijua wale wa vikundi vinavyotengeneza sabuni ya maji ya kuuza. Ungerol ikitoka kwenye ndoo ni nzito lakini inamwagika. Ukiitilia maji kidogo haiwi nyepesi, inakuwa jeli inayoshika mwiko. Ukizidisha maji ndipo inalegea na kuwa sabuni ya kawaida. Je, kwenye hatua ya jeli imeyeyuka, au haijayeyuka? Hakuna masimbi chini kama ya sukari, wala hakuna mpaka wa kuonyesha kwa kidole. Kuna kemikali za aina hii zinazochanganyika na maji kwa kiasi chochote utakacho, na kwa hizo swali la kiwango cha kushiba halina jibu.

Ya tatu ndiyo inayowahusu zaidi wakazi. Maji yenye miseli yanaweza kuwa maangavu kabisa. Miseli ni ndogo kiasi kwamba mwanga unapita bila kuzuiwa, na macho hayaoni kitu. Wakati mwingine maji huwa na ukungu kidogo, na hapo maabara hutumia mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi kubwa ili visivyoyeyuka vishuke chini. Lakini mashine hiyo haishushi miseli kirahisi. Kipimo cha macho, ambacho kinatosha kwa sukari, hapa hakifai.

Tena bidhaa ya sokoni si kemikali moja. Ni mchanganyiko wa molekuli zenye mikia mifupi na mirefu. Zenye mikia mifupi huyeyuka upesi, zenye mirefu hukawia, na jibu unalopata hutegemea kiasi ulichotia mwanzoni. Mwongozo wa 105 uliandikwa kwa ajili ya kemikali iliyo karibu kuwa safi, nao wenyewe unalisema hilo.

Kinachopimwa badala yake

Kwa sababu hizo, mpimaji humgeukia ule uso wa maji unaolegea. Hutayarisha vikombe vingi vya maji, kila kimoja kikiwa na kemikali zaidi kidogo kuliko kilichotangulia. Kwenye kila kikombe hushusha pete nyembamba ya platinamu hadi iguse uso, kisha huivuta juu polepole huku kifaa kikipima nguvu inayohitajika kuing'oa. Maji safi ya nyuzi 20 yana mvutano wa milinewtoni 72.8 kwa mita. Kila kemikali inavyoongezwa, pete hung'oka kwa urahisi zaidi.

Kisha hutokea jambo la kupendeza. Nambari zinazoshuka kikombe baada ya kikombe husimama ghafla. Unaongeza kemikali lakini pete haibadiliki. Uso umejaa, na kila kinachoongezwa sasa kinakwenda kutengeneza miseli. Mpimaji akichora matokeo kwenye karatasi anaona mstari unaoshuka na kisha kulala, na pale unapopinda ndipo kilipo kiwango tulichosema tukikumbuke. Wachunguzi wa usalama hukichukua kiwango hicho kuwa ndicho kikomo halisi cha kemikali kuyeyuka molekuli mojamoja, hata kama macho yanasema maji bado ni maangavu na yanaweza kupokea zaidi.

Tofauti kati ya vikomo hivyo viwili si ndogo. Chukua kemikali ya povu inayotumiwa sana katika sabuni za unga, ambayo jina lake hufupishwa LAS. Tathmini yake ilipopitiwa chini ya OECD mwaka 2005, ilionekana kwamba maji hubaki maangavu hadi gramu 250 kwa lita. Miseli, hata hivyo, huanza kwenye gramu 0.1 kwa lita. Kwenye mtungi wa lita 20 hiyo ni sawa na kusema: unaweza kutia kilo 5 za kemikali hiyo tupu na maji yasionyeshe chochote, ilhali mikusanyiko ilianza ulipotia gramu 2.

Kwa hivyo chupa mbili zenye kemikali ileile zinaweza kuwa na nambari mbili tofauti kwenye karatasi zake za usalama, na zote ziwe za haki. Ukiiona nambari kubwa, uliza imepimwa kwa njia gani.

Nambari inakwenda kufanya kazi gani

Mchunguzi wa usalama hutumia umumunyifu kama fundi anavyotumia kipimo cha msingi kabla ya kupandisha ukuta. Akitaka kujua kemikali inamdhuru samaki kwa kiasi gani, lazima kwanza ajue kiasi kinachoweza kuwa ndani ya maji kwa kweli, asije akajaribu kiwango ambacho hakiwezi kutokea mtoni. Akitaka kujua kama itabaki majini au itanata kwenye matope na mafuta ya viumbe, kwa kawaida huitikisa kati ya maji na mafuta ya maabara na kuona imeelekea wapi zaidi. Kwa kemikali za povu jaribio hilo halifanyi kazi, kwa kuwa hukaa katikati, penye mpaka wa maji na mafuta. Hapo kile kiwango cha miseli husaidia kufanya makadirio.

Kwa LAS, nusu ya samaki wanaojaribiwa hufa ndani ya siku nne kwenye maji yenye miligramu chache tu kwa lita, hasa kwa sababu utando laini wa matamvua yao huharibika. Tathmini hiyo ilichukua miligramu 0.27 kwa lita kuwa kiwango ambacho viumbe wa mtoni wanaweza kukistahimili. Ukizilinganisha nambari hizi na ile gramu 0.1, yaani miligramu 100, utaona kwamba samaki anakufa zamani kabla ya miseli ya kwanza. Madhara yanatokea wakati kemikali imeyeyuka vizuri kabisa, molekuli mojamoja, na maji ni maangavu kama ya chemchemi.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme umefua kwa gramu 100 za unga kwenye karai la lita 15, na unga huo una LAS asilimia 15. Hiyo ni gramu 15 za LAS, gramu moja kwa kila lita ya maji ya karai. Ukiyamwaga mferejini, yatahitaji zaidi ya lita 55,000 za maji mengine ili yashuke hadi ile 0.27. Ni matangi matano na nusu ya lita 10,000, kwa karai moja la nguo.

Ni kweli kwamba LAS huliwa na bakteria. Katika maji yenye hewa ya kutosha, kiasi kikubwa kinaweza kuisha katika saa au siku chache, na mtambo mzuri wa majitaka huondoa karibu yote. Hili ni jambo jema na halipaswi kufichwa. Kasoro ni kwamba mfereji hautupi hizo saa. Kutoka kwa anayefua hadi kwa anayeteka ni mwendo wa dakika chache. Tena bakteria hao huhitaji hewa. Kwenye matope ya shamba la mpunga lililofurika, ambako hewa haifiki, LAS hukaa muda mrefu.

Zilizoyeyuka zikageuka

Kabla ya LAS kulikuwa na ndugu yake aliyetengenezwa kwa mkia wenye matawi. Naye aliyeyuka vizuri, alifua vizuri, na alikuwa rahisi kutengeneza. Bakteria ndio walioshindwa na matawi yale. Kufikia miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilikuwa na vilima vya povu, na katika sehemu nyingine povu lilitoka kwenye bomba za nyumbani. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1961 ya kutaka kemikali za sabuni ziwe zinazoozeka, na viwanda vya Marekani vilihamia kwenye mkia ulionyooka kufikia mwaka 1965. Umumunyifu wa kemikali ile ya zamani ulikuwa umejulikana siku zote. Haukuonya mtu.

Kuna nyingine ambazo huyeyuka vizuri sana, kisha zikivunjika hutoa mtoto asiyefanana na mzazi. Nonilifenoli ethoksileti ni mfano. Ikipoteza sehemu yake inayopenda maji hubaki nonilifenoli, ambayo huyeyuka kwa miligramu chache tu kwa lita, hunata kwenye matope, na huvuruga homoni za samaki. Umoja wa Ulaya ulibana matumizi yake mwaka 2003. Na kwa wakulima: baadhi ya dawa za magugu zenye glifosati zimechanganywa na kemikali ya povu iitwayo POEA, ambayo kwa samaki ni kali kuliko glifosati yenyewe. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye dawa hizo mwaka 2016. Mtu anapokwambia dawa fulani haina shida kwa samaki, muulize anazungumzia dawa yenyewe au na kile kilichochanganywa nayo.

Maji yetu na maji ya maabara

Maabara hupima kwa maji yaliyosafishwa. Maji ya Thiba na Nyamindi yanatoka Mlima Kenya na ni laini, kwa hivyo sabuni hutoa povu haraka na watu hutumia kidogo. Maji ya visima vingi vya kuchimbwa ni magumu, yana chokaa. Hapo sehemu ya kemikali hushikana na chokaa na kuwa utando mweupe kwenye karai, povu halitoki, na mfuaji huongeza unga. Kumbe anaongeza kemikali ileile, ila sasa sehemu yake inakwenda kwenye matope badala ya kubaki majini.

Na povu si ushahidi wa kutosha. Wakati wa mvua kubwa mito yetu hutoa povu la rangi ya maziwa chini ya maporomoko kutokana na majani yaliyooza, bila sabuni yoyote. Kwa upande mwingine, maji yasiyo na povu yanaweza kuwa na kemikali ya kumtosha samaki. Njia ya maabara ni kutumia rangi ya buluu iitwayo methilini. Maji ya mtoni hutikiswa pamoja na rangi hiyo na klorofomu. Rangi peke yake haiingii kwenye klorofomu, lakini ikishikana na kemikali ya povu ya aina ya LAS huvutwa ndani, na kadiri klorofomu inavyokuwa ya buluu ndivyo kemikali ilivyo nyingi. Sabuni ya kipande ya kawaida haionekani sana kwa kipimo hiki.

Ukiombwa na afisa usaidie kuchukua sampuli, usioshe chupa kwa sabuni kwanza, hata kama ni chafu. Kosa hili ni la kawaida kuliko unavyofikiri, nalo huharibu kazi ya siku nzima. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale unayoyachukua, jaza bila kuchota povu la juu, iweke kwenye baridi, na ifike maabara ndani ya saa 48.

Jambo moja la nyumbani. Watu wengi huchemsha maji ya mfereji, na wanafanya vyema, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu. Lakini kemikali za povu haziondoki na mvuke. Maji yakipungua kwenye sufuria, zinabaki kwenye maji yaliyosalia. Mtoto wa pale kivukoni anapofikisha mtungi wake nyumbani, moto wa mama yake hautaondoa kile kilichosuuzwa juu ya mfereji.

La kufanya

Kanuni za ubora wa maji, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinamkataza mtu yeyote kutupa au kuelekeza uchafu wa maji au wa namna nyingine ndani ya chanzo cha maji au karibu nacho. Kanuni hizohizo zinalinda ukingo wa mto kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Hazibagui kati ya kinachoyeyuka na kisichoyeyuka.

Teka maji uende kufua na kuosha pikipiki mbali na ukingo. Tungependekeza mita 30 hata pale ambapo 6 zingetosha kisheria. Mwaga maji machafu kwenye udongo mkavu wenye nyasi, ambako kuna hewa na bakteria wa kutosha kuila kemikali. Usiyamwage kwenye shimo la choo wala kwenye tope la mpunga. Pima unga, kwa kuwa povu likizidi nguo haiwi safi zaidi.

Bomba la dawa lisuuziwe shambani. Tia maji kidogo, tikisa, nyunyiza kwenye mimea ileile uliyokuwa ukiitibu, rudia mara tatu. Fanya hivyo pia kwa chupa ya dawa kabla ya kuitoboa, na maji ya suuzo yaingie kwenye bomba.

Ukinunua dawa au sabuni kwa wingi, muulize mwenye agrovet au msambazaji akupe karatasi ya taarifa za usalama. Ina sehemu 16. Umumunyifu uko kwenye sehemu ya 9. Baada ya kuusoma, usiishie hapo, fungua sehemu ya 12, inayoeleza madhara kwa samaki na kama kemikali inaoza upesi au la. Vikundi vinavyotengeneza sabuni ya maji vina haki ya kupewa karatasi hiyo kwa kila malighafi vinayonunua, ungerol ikiwemo.

Ukiona samaki wamekufa, au povu lisiloisha kwenye mfereji wakati hakuna mvua, andika mahali, siku na saa, na umjulishe afisa wa afya ya umma wa wadi yako au chama chenu cha watumiaji maji siku hiyohiyo. Maji ya Thiba huishia kwenye bwawa la Kamburu, na sampuli iliyochukuliwa kesho yake huenda isikute chochote.